Urithi Hulindwa Kwenye Meza ya Kibali

Boma la Kale la Dar es Salaam, lile jengo la mawe ya matumbawe linalotazamana na bandari karibu na gati la boti za Zanzibar, lilichelewa kuzaliwa kwa miaka mitatu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilichora mstari kwenye mwaka 1863: jengo lililosimamishwa na binadamu kabla ya hapo linalindwa moja kwa moja, hata kama hakuna mtu aliyeandika barua wala waziri aliyetia sahihi. Boma lilijengwa mwaka 1866 na 1867, Sultani Majid wa Zanzibar alipokuwa akiusimamisha mji wake mpya upande wa bara na akahitaji mahali pa kufikishia wageni. Magofu ya Kilwa yakaingia ndani ya mstari. Msikiti wa Kaole ukaingia. Boma likabaki nje, likingoja mtu alitaje jina.

Na lina wenzake wengi. Dar es Salaam yote ni mji wa miaka ya 1860 na kuendelea, kwa hiyo mstari ule uliliacha nje karibu jiji zima. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1897 na 1902, liko nje. Hospitali ya Ocean Road ya mwaka 1897 iko nje. Bagamoyo ndiko kwenye kichekesho: Ngome Kongwe iliyoanza kujengwa karibu mwaka 1860 imo ndani, na Boma la Kijerumani la mwaka 1897, lililo katika mji huohuo, halimo. Mtalii anayapiga picha yote mawili mchana mmoja bila kujua kwamba mbele ya sheria hayafanani.

Majengo yaliyoachwa nje ya mstari hayakufungiwa njia. Sheria ilimpa waziri uwezo wa kulitangaza jengo, mahali au mti kuwa mali ya mambo ya kale kwa amri inayochapishwa katika Gazeti la Serikali. Lakini angalia tofauti. Jengo la mwaka 1862 linalindwa hata likisahaulika. La mwaka 1866 linahitaji mtu wa kulikumbuka, ofisa wa kuliandikia ripoti, waziri wa kutia sahihi, na mpiga chapa wa serikali. Mmoja wao akilala, jengo linabaki mali ya kawaida, na mwenye tingatinga hana kosa.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea tunaposema jengo fulani ni la kihistoria. Tunasema kwa macho, kwa sababu lina mlango wa nakshi au kwa sababu babu alituonyesha. Sheria haina macho ya namna hiyo. Inauliza kama kuna tangazo, lina namba gani, linataja kiwanja kipi, na mipaka yake inaishia wapi.

Kenya walichagua njia nyingine. Sheria yao ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 haidai jengo liwe la karne fulani ndipo litangazwe. Linaweza kuwa la umri wowote, mradi lina thamani ya kihistoria, ya utamaduni, ya sayansi au ya usanifu. Mwenendo wake ni wa kuvutia ukiufuata hatua kwa hatua. Wazo linaweza kutoka popote: wazee wa mtaa, wasanifu majengo, watafiti wa Makumbusho ya Taifa. Wataalamu wanakwenda kuangalia na kuandika ripoti. Waziri, baada ya kushauriana na Makumbusho, anatoa tangazo katika Gazeti Rasmi, likieleza jengo au eneo na ardhi inayolizunguka inayohitajika kulitunza. Tangazo hilo halimalizi mambo. Linafungua muda wa pingamizi, na mwenye nyumba asiyekubali anaandika sababu zake. Muda ukiisha, waziri anazipima sababu hizo, kisha analithibitisha tangazo au analifuta.

Huo muda wa pingamizi ndio moyo wa jambo zima, ingawa hauzungumzwi. Kutangaza nyumba ya mtu kuwa urithi ni kumwekea mkono kwenye mali yake. Haichukuliwi, hati inabaki kwa jina lake, kodi ya pango anaendelea kupokea. Ila kuanzia siku hiyo hawezi kubomoa, kuongeza ghorofa wala kubadilisha sura yake bila ruhusa ya maandishi. Haki ya kusema hapana, au ya kusema ndiyo kwa masharti, ndiyo inayotenganisha uhifadhi na unyang'anyi. Tatizo ni kwamba Gazeti la Serikali halisomwi na watu wa kawaida. Wanaolisoma ni mawakili na wauza viwanja, na nyumba nyingi za zamani zinamilikiwa na bibi mmoja wa makamo anayekaa chini na wapangaji juu. Taarifa ikimfikia siku ambayo muda umekwisha, ile haki ilikuwa ya kwenye karatasi tu.

Zipo pia nyakati ambapo serikali haitangazi nyumba moja moja bali mji mzima. Mji wa kale wa Lamu ulitangazwa mwaka 1986, na Mji wa Kale wa Mombasa mwaka 1990. Sababu unaielewa ukisimama katikati ya mtaa wa Ndia Kuu, huko Mombasa. Nyumba moja ya zamani iliyohifadhiwa vizuri, ikizungukwa na maghorofa manane ya vioo, imebaki kuwa sanamu. Kinachohifadhiwa katika miji hii ni upana wa njia, vivuli, baraza za kukalia jioni, wikio linalounganisha nyumba mbili juu ya vichwa vya wapita njia, na urefu wa majengo usiozidiana sana. Vitu hivyo si mali ya nyumba yoyote moja, kwa hiyo huwezi kuvilinda kwa kuitangaza nyumba moja.

Sasa tuje kwenye ngazi. Msomaji wa gazeti hili akisikia Urithi wa Dunia, anadhani hicho ndicho kilele cha ulinzi. Kwa heshima ni kweli. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliorodheshwa na UNESCO mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, Lamu mwaka 2001, Ngome ya Yesu mwaka 2011. Lakini UNESCO haina askari, haina mahakama, na haitoi kibali cha ujenzi. Inachoweza kufanya ni kuonya, kuweka jina katika orodha ya hatari kama ilivyofanya kwa Kilwa kuanzia 2004 hadi 2014, na mwisho kabisa kulifuta. Wa kwanza kufutwa walikuwa ndugu zetu wa Oman: mwaka 2007 hifadhi yao ya choroa wa Arabia iliondolewa katika orodha baada ya serikali yao kulipunguza eneo lake kwa asilimia 90. Liverpool, mji wa bandari wa Uingereza, ukafutwa mwaka 2021 kwa sababu ya majengo mapya ya ufukweni. Adhabu kubwa kuliko zote ni kuvuliwa taji, na anayetaka kujenga hoteli huenda hakulihitaji taji hilo tangu mwanzo.

Marekani wana mfano unaoonyesha jambo hili waziwazi. Kule jengo linaweza kuandikwa katika Rejesta ya Taifa ya maeneo ya kihistoria, iliyoanzishwa mwaka 1966, na bado mwenye nalo akalibomoa kesho kwa fedha zake mwenyewe bila kuvunja sheria. Rejesta ya taifa inalipa sifa. Meno yako kwa halmashauri ya jiji. New York ilijifunza kwa uchungu: stesheni yake kuu ya Pennsylvania, iliyofunguliwa mwaka 1910, ilianza kubomolewa mwaka 1963 huku watu wakitazama. Miaka miwili baadaye jiji likatunga sheria na kuunda tume yake ya kuhifadhi majengo. Tume hiyo inaweza kulitangaza jengo lenye umri wa angalau miaka 30, baada ya kusikiliza watu hadharani, hata kama mwenyewe hataki, na baraza la jiji lina uwezo wa kuutengua uamuzi. Kampuni iliyomiliki stesheni nyingine kubwa, Grand Central, ilinuia kupandisha mnara wa ofisi juu yake. Tume ikakataa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka 1978 majaji sita dhidi ya watatu wakasema jiji lina haki ya kukataa. Stesheni ipo hadi leo. Iliokolewa na manispaa yake, si na dunia wala na taifa.

Kwetu, mahali panapokaribia mpango huo ni Zanzibar. Mambo ya kale si suala la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria zake na idara yake. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, chombo cha mji mmoja chenye ofisi ndani ya mji huohuo. Mwaka 1994 sheria yake ikapitishwa, na ikaidhinishwa ramani ya uhifadhi iliyotayarishwa pamoja na shirika la Aga Khan la utamaduni chini ya msanifu Francesco Siravo. Wapimaji walizunguka mtaa kwa mtaa wakiandika kila jengo: ghorofa ngapi, matumizi gani, hali gani, lina mlango gani na roshani gani. Mji Mkongwe una majengo yapata 1,700. Yenye thamani ya usanifu yakaainishwa. Daraja la kwanza ni yale adimu, ambayo kazi yake ni kukarabati na kurudisha kilichokuwapo. Daraja la pili yanaruhusiwa mabadiliko zaidi, hasa ndani, mradi umbo na sura yake ya barabarani vibaki. Hata vitu vidogo vilihesabiwa, kuanzia milango na baraza hadi miti.

Mimi hilo neno uendelezaji katika jina la Mamlaka nalipenda. Limekiri tangu mwanzo kwamba watu wanaishi humo, wanapika, wanazaa, wanataka choo cha ndani na tangi la maji juu ya paa.

Kibali kinaanzia kwenye mambo ambayo mtu wa nje atayaona madogo. Unataka kupiga lipu ukuta unaomeguka. Duka la vifaa lina saruji, fundi wa kijana anaijua saruji, na inakauka siku hiyohiyo. Mamlaka inasema hapana, tumia chokaa. Huu si ukaidi wa watu wa ofisini. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, mnene kiasi cha kukaa mtu dirishani, na umejaa chumvi na unyevu unaopanda kutoka ardhini. Chokaa inauachia unyevu huo utoke. Saruji inauziba, maji yanatafuta njia nyingine, chumvi inafumuka ndani ya jiwe, na unyevu unafika kwenye vichwa vya boriti. Boriti ni miti ya mikoko, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba vya nyumba hizi, ndiyo maana vingi ni virefu na vyembamba. Kichwa cha boriti kilichozikwa ndani ya ukuta mbichi kinaoza bila kuonekana. Unapoona ufa darini, kazi imeshakwisha zamani. Kwa hiyo lipu mpya inayong'aa inaweza kuiangusha nyumba iliyostahimili zaidi ya karne. Fundi wa chokaa anataka muda: chokaa iliyochomwa ilowekwe iive, ipigwe tabaka jembamba, ikauke, ipigwe tena. Muda ni fedha, na mwenye nyumba ndiye anayelipa.

Halafu kuna swali gumu kuliko saruji. Barua ya kuomba kibali inataka sahihi ya mwenye nyumba. Ni nani huyo? Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali. Nyingine ni wakfu, ziko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na kodi zake kwa miaka mingi zilikuwa ndogo mno kununua hata mabati. Nyingine ni mirathi ambayo haijagawanywa: warithi wako Malindi na Shangani, wengine Muscat, Dubai, London na Toronto, na wa Toronto hajajibu simu. Nyumba haina mtu wa kutia sahihi, wapangaji wana haki ya kukaa lakini si ya kukarabati, na mvua ya masika haingojei kikao cha ukoo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwenye Mji Mkongwe huangusha dari.

Anayeweza kupita vizingiti vyote hivyo ni mwenye fedha, na mwenye fedha mara nyingi anataka hoteli. Nasema bila kumung'unya: hoteli zimeokoa mapaa mengi ya Mji Mkongwe. Zimeleta chokaa, mafundi na boriti mpya. Zimeondoa pia majirani, na nyumba ambayo ghorofa zake tatu zilikuwa na familia nne sasa ina vyumba kumi na viwili vya wageni. Jengo limehifadhiwa kwa daraja lake, na orodha haina safu ya kuandika nani alihama.

Na daraja la juu kabisa halikutosha kulishikilia Beit al-Ajaib. Jumba hilo la Maajabu, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa na kila aina ya ulinzi ambao karatasi inaweza kutoa: sheria ya Zanzibar, daraja la kwanza, na Urithi wa Dunia. Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake iliporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati uliogharamiwa na Oman, upande mkubwa wa mbele ukaanguka na watu wawili wakafa. Orodha inaweza kumzuia mtu asibomoe. Haiwezi kumlazimisha yeyote apande juu ya paa kila mwaka kabla ya masika kuangalia maji yanapoingia, na hiyo ndiyo kazi inayohifadhi majengo.

Ajabu ni kwamba mahali ambapo utaratibu huu umepata mlinzi wa kudumu hakuna jengo hata moja. Kaya za Mijikenda, nyuma ya pwani ya Kilifi na Kwale, ni misitu. Ndani yake yalikuwa makazi yenye ngome ya miti, na watu walipohama, wakiwa wameyaacha yote ifikapo miaka ya 1940, misitu ikabaki na makaburi, nguzo za kuwakumbuka wafu ziitwazo vigango, na miiko. Miaka ya 1980 na 1990 pwani ilipotafutwa kwa hoteli na machimbo, kaya zilianza kumegwa. Kuanzia mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa ya Kenya ikaanza kuzitangaza moja baada ya nyingine kuwa mali ya taifa ya kihistoria, na mwaka 2008 misitu kumi ikaingia katika Urithi wa Dunia. Tangazo lilimpa mzee wa kaya kitu ambacho hakuwa nacho: karatasi ya kumwonyesha polisi. Lakini mlinzi alikuwapo kabla ya karatasi. Wazee walishajua nani anaingia, kwa njia ipi, amevaa nini, na mti gani haukatwi. Sheria ikaja juu ya ulinzi uliokuwa ukifanya kazi. Kwenye miji yetu tumefanya kinyume: tumetangulia na sheria tukitumaini mlinzi atatokea.

Kwa anayerithi au kununua nyumba katika mji wa kale, ushauri wangu ni wa kawaida sana. Kabla ya kulipa, uliza kama nyumba imetangazwa, iko daraja gani, na kama iko ndani ya eneo la hifadhi hata kama yenyewe haikutajwa. Uliza kwa maandishi na udai jibu la maandishi. Ukipata tangazo la kukusudia kuitangaza, lisome tarehe kwanza. Pingamizi lako, au masharti unayotaka, yana siku yake ya mwisho. Na kama ni wewe unayetaka jengo la mtaani kwenu lilindwe, usingoje nyufa. Andika lilijengwa lini, na nani, lilitumika kwa nini, weka picha za kila upande na namba ya kiwanja, upeleke kwa idara ya mambo ya kale au makumbusho. Ofisa mwenye mafaili mia atalifungua kwanza lile lililokamilika.

Kwa halmashauri na kaunti nina ombi moja. Orodha za majengo yaliyotangazwa kwa kawaida hukaa kwa watu wa mambo ya kale, na vibali vya kubomoa na kujenga hutolewa kwenye ofisi nyingine, mara nyingi ghorofa nyingine, na ofisa anayegonga muhuri anaweza asijue kwamba kiwanja kilicho mbele yake kimo kwenye orodha. Chapeni orodha hiyo, pamoja na namba za viwanja, na muibandike ukutani pale vibali vinapogongwa muhuri. Kazi hiyo haihitaji mfadhili, na inaweza kufanyika Jumatatu.